Mali Bila Daftari: Namna ya Kuokoa Data Iliyolala Kwenye Seva Kuukuu

Ukifungua stoo ya ofisi yoyote kongwe hapa Pwani, iwe ya wakala wa meli, ya shule, ya chama cha ushirika au ya kamati ya msikiti, hukosi kukuta kompyuta moja kubwa, nzito, imesukumwa pembeni na kufunikwa na vumbi. Hiyo ndiyo seva iliyotegemewa mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili. Siku moja ilizimika, au ilinunuliwa mpya, nayo ikawekwa kando kwa kauli ya "tutaiangalia". Sasa stoo inatakiwa kwa shughuli nyingine, na mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu yuko mlangoni na mizani yake.

Ombi langu leo, ndugu msomaji, ni dogo: usimpe bado. Ndani ya lile sanduku mna rejista za wanafunzi, hesabu za kodi, barua, ramani za viwanja, picha za harusi na majina ya watu ambao wengine wao wameshatangulia mbele ya haki. Mara nyingi data hiyo bado imo, hata kama mashine haiwaki. Wahenga walituambia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika seva hizi msemo huo una maana ya moja kwa moja, kwa sababu kinachopotea kwanza huwa si data. Hupotea ule ujuzi wa namna data ilivyopangwa. Nitaeleza kwa lugha nyepesi mpangilio huo ni nini, kwa nini hupotea, na nini kifanywe, na kisifanywe, ili data irudi.

Kwa nini diski nyingi badala ya moja

Seva hizi hazikuwa na diski moja kama kompyuta ya nyumbani. Zilikuwa na tatu, tano, hata zaidi, zimepangwa kama droo za kabati. Mpangilio huo huitwa safu ya diski, na jina lake la kitaalamu ni RAID.

Tuanze nyuma kidogo. Diski ngumu ya kwanza kuuzwa sokoni ilikuwa IBM 350, sehemu ya mashine iliyoitwa RAMAC, iliyotangazwa Septemba 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na uzito wake ulikuwa kama tani moja. Yote hayo yalibeba herufi milioni 5 tu. Kwa miaka mingi baadaye fikra ilibaki hiyohiyo: ukitaka nafasi kubwa, nunua diski moja kubwa ya bei kali.

Mwaka 1988, wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa andiko lililoleta fikra nyingine. Walilinganisha diski kubwa ya IBM 3380, yenye megabaiti 7,500, na diski ndogo ya kompyuta za mezani kutoka kampuni ya Conner, yenye megabaiti 100. Wakauliza: kwa nini tusifunge diski ndogo nyingi za bei nafuu zifanye kazi kama moja?

Tatizo walilijua wenyewe. Diski moja ya aina ile ilikadiriwa kufanya kazi kwa wastani wa saa 30,000 kabla ya kuharibika, yaani zaidi ya miaka mitatu. Lakini ukiwa na diski 100, wastani wa kusubiri hadi mojawapo iharibike hushuka hadi saa 300, ambazo hazifiki wiki mbili. Nani ataweka mali yake mahali panapovunjika kila baada ya siku kumi na mbili? Jibu lao lilikuwa kuongeza ziada, yaani kuhifadhi hesabu itakayowezesha diski moja ikifa, zilizobaki zijaze pengo lake.

Hesabu hiyo huitwa pariti, nayo haina uchawi. Chukua wafanyabiashara watatu wa Marikiti. Wa kwanza ana mifuko 7, wa pili 4, wa tatu 9. Karani anaandika jumla yao, 20, kwenye karatasi ya nne. Karatasi ya mfanyabiashara wa pili ikipeperushwa na upepo, hakuna hasara: 20 toa 7 toa 9, inabaki 4. Kompyuta haijumlishi hivyo hasa. Yenyewe huhesabu kama zile moja ni shufwa au witiri, lakini mantiki ni ileile. Karatasi moja ikipotea, zilizobaki zinatosha. Zikipotea mbili, hesabu haina jibu.

Katika mpangilio unaoitwa RAID 5, ambao seva nyingi za maofisi ziliutumia, hakuna diski moja iliyopewa kazi ya ukarani peke yake. Kazi hiyo huzunguka kwa zamu. Katika mstari wa kwanza diski ya tano ndiyo karani, katika mstari wa pili ni ya nne, kisha ya tatu, na kuendelea. Data yenyewe hukatwa vipande vya ukubwa sawa, mara nyingi kilobaiti 64, na kugawanywa. Kwa hiyo faili kubwa haikai kwenye diski moja. Kipande cha kwanza kiko huku, cha pili kule, na katikati mna vipande vya hesabu ambavyo ukivisoma peke yake ni takataka tupu.

Kinachopotea kwanza

Hapo ndipo shida ya seva kuukuu ilipo. Ili kuunganisha vipande, ni lazima ujue mambo kadhaa. Ipi ni diski ya kwanza na ipi ya mwisho? Kipande kina ukubwa gani? Zamu ya ukarani inaanzia wapi na inazunguka kuelekea upande gani? Data inaanza mwanzoni kabisa mwa diski au baada ya nafasi iliyotengwa?

Majibu hayo kwa kawaida yaliwekwa kwenye kadi maalumu ndani ya seva, iliyosimamia diski zote. Baadhi ya kadi ziliandika mpangilio huo pia kwenye diski zenyewe, pembeni, mahali ambapo mtumiaji hafiki. Nyingine ziliuweka katika kumbukumbu ya kadi peke yake. Kadi ikifa, au ikitupwa, diski zinabaki kama kurasa za msahafu mkongwe uliokatika uzi: kila herufi ipo, lakini kurasa hazina namba.

Isitoshe, kila kampuni ilikuwa na desturi yake. Kuna mashine, kama AS/400 za IBM, ambazo kila sekta ya diski ilikuwa na baiti 520 badala ya 512 tulizozoea, na kompyuta ya leo ikipachikwa diski hiyo huikataa. Mashine za Sun zenye chipu za SPARC, na zile za Silicon Graphics, ziliandika tarakimu kuanzia upande ulio kinyume na wa kompyuta za Intel, kama mtu anayesoma kutoka kulia kuja kushoto na mwengine kutoka kushoto kwenda kulia. Asiyejua hayo ataiangalia data nzima, ilhali yeye anaona vurugu.

Linganisha na kompyuta iliyoitwa Alto, iliyotengenezwa mwaka 1973 katika kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, California. Diski yake ilibeba megabaiti 2.5 tu. Lakini wabunifu wake walifanya jambo la busara. Kila sekta ya diski ilibeba lebo yake ndogo inayosema: mimi ni wa faili fulani, ukurasa wa kadha. Kulikuwa na programu iliyoitwa Scavenger, yaani mwokotaji. Orodha ya faili ikiharibika, mwokotaji alipita diski nzima, akasoma lebo moja baada ya nyingine, akaijenga orodha upya. Waliandika daftari ndani ya mali yenyewe. Na kwa kuwa kulikuwa na watu waliojali kuhamisha faili hizo kutoka vyombo vya zamani hadi vipya kadiri miaka ilivyopita, mwaka 2014 jumba la makumbusho ya kompyuta kule Mountain View, California, liliweza kuzitoa hadharani programu za Alto, zaidi ya miaka arubaini baada ya mashine kuzaliwa.

Seva za maofisini kwetu hazikupata bahati hiyo. Daftari lao liko ndani ya kadi moja na kichwani mwa fundi aliyeifunga, na huyo fundi huenda yuko Ghuba siku hizi.

Maradhi ya diski iliyokaa

Diski iliyokaa bila kazi haibaki ilivyo. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka kwa kasi na vichwa vinavyoelea juu yake bila kugusa. Ikizimwa kwa miaka, katika aina nyingi za zamani vichwa hukaa juu ya sahani yenyewe na huweza kunata. Ukiiwasha, mota inajaribu kuzunguka na inashindwa, au inazunguka na kuvunja kichwa. Baadhi ya diski za Quantum za kipindi kile zilikuwa na vipande vya mpira ndani, na kwa umri mpira huo huyeyuka ukawa kama gundi. Kwenye ubao wa umeme, kapasita huvuja. Betri ndogo kwenye kadi ya RAID nayo huvuja kemikali ikala njia za shaba, na kama mpangilio ulikuwa ukishikiliwa na betri hiyo, umekwenda.

Kisha ongeza hewa yetu. Unyevu na chumvi ya bahari havina huruma na chuma. Anayekaa Mji wa Kale au Lamu anajua jinsi bawaba ya dirisha inavyoshika kutu. Meno ya soketi na pini za kebo hupata kutu iyo hiyo. Mara nyingine diski inayosemwa imekufa haina ugonjwa zaidi ya uchafu kwenye soketi, na kusafishwa taratibu kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme kunatosha kuirudisha.

Seva ya kamati moja

Nitoe mfano mmoja niliouona, bila kutaja jina la kamati wala mtaa. Ni kamati ya wakfu inayosimamia nyumba kadhaa. Mwaka 1999 walinunua seva yenye diski tano, kila moja gigabaiti 9. Mwaka 2001 walizipiga skani barua za watu waliotoa nyumba hizo wakfu, na karatasi zenyewe zikarudishwa kabatini. Seva ilizimika mwaka 2006 na ikasahauliwa. Miaka baadaye mpangaji mmoja alidai nyumba ni mali ya babu yake. Kamati ikafungua kabati, ikakuta mchwa wamekula nusu ya faili. Ushahidi uliobaki ulikuwa ndani ya ile seva.

Fundi wa kwanza aliyeitwa alizitoa diski zote tano, akazipachika huku na huku bila kuziandika namba. Hatimaye kadi iliuliza kama aanze upya kuziandaa. Mzee mmoja wa kamati aliyekuwa ameketi pembeni alimzuia: "Mwanangu, usibonyeze ndiyo kwa jambo usilolijua." Kauli hiyo ndiyo iliyookoa zile barua. Angebonyeza, kadi ingeanza kuandika juu ya data ya zamani.

Nilipoitwa mimi na rafiki yangu mmoja fundi, diski zilikuwa kwenye boksi la majani ya chai. Tulizisafisha pini na kuzinakili moja moja. Zote tano zilizunguka, ingawa moja ilikuwa na madoa mabovu. Kisha likaja swali la mpangilio. Diski tano zinaweza kupangwa kwa njia 120. Na hesabu ya pariti haikusaidii kujua nani ametangulia, kwa sababu ukijumlisha 7 na 4 na 9, jumla ni 20 hata ukianza na 9.

Jambo la kwanza lilikuwa kutambua diski iliyojitoa mapema. Katika RAID 5 seva haisimami siku diski ya kwanza inapokufa. Inaendelea kufanya kazi kwa hesabu, taa ya njano inawaka, na watu wanaizoea. Inasimama siku ya pili inapokufa. Kwa hiyo katika safu nyingi zilizoanguka, diski moja ina habari za zamani kuliko nyenzake. Ukiichanganya kama vile iko sawa, faili zinatoka na vipande vya miezi tofauti, na uharibifu huo hauonekani kwa haraka. Tulitafuta maandishi yenye tarehe ndani ya kila nakala. Kwenye nne tulikuta malipo ya kodi hadi Novemba. Kwenye ya tano hapakuwa na lolote la baada ya Machi. Taa ya njano ilikuwa imewaka miezi minane na hakuna aliyeuliza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la pili lilikuwa mfuatano. Tulipata faili ndefu ya maandishi matupu, orodha ya malipo ya miaka saba iliyopangwa kwa tarehe. Kipande kilipokatika katikati ya jina la mpangaji kwenye diski moja, tulitafuta nusu ya pili ya jina hilo kwenye diski nyingine. Palipokuwa na takataka badala ya maandishi, hapo ndipo zamu ya ukarani. Baada ya mistari michache, mzunguko wa zamu ulijionyesha wenyewe, na zile njia 120 zikabaki moja.

Jambo la tatu lilikuwa yale madoa mabovu. Tukiwa na diski nne tu zilizo sawa, hatukuwa na ziada ya kuyajaza. Hapo ile diski ya zamani ilipata kazi. Katika mistari ambayo haikuguswa tangu Machi, vipande vyake vilikuwa bado sahihi, na barua zilizopigwa skani mwaka 2001 hazikuguswa na mtu tena. Kwa hiyo vipande vyake vilitumika kukokotoa vilivyopotea. Barua zilitoka zote. Kilichokosekana ni kurasa chache za hesabu za mwaka wa mwisho, na hizo kamati ilikuwa nazo kwenye vitabu vya risiti.

Hatua za kufuata

Kutokana na hayo, haya ndiyo ninayomshauri kila mwenye seva kuukuu stoo.

Kwanza, usiiwashe kwa udadisi. Kila kuwasha ni bahati nasibu, na diski dhaifu huenda ikawa na mzunguko mmoja wa mwisho. Mzunguko huo utumike kunakili, usitumike kuangalia tu kama inawaka.

Pili, kabla ya kuchomoa chochote, piga picha kwa simu. Kisha bandika karatasi kwenye kila diski: namba ya droo, kuanzia juu au kushoto. Kazi hii ni ya dakika tano, na ingetuokolea sisi siku kadhaa.

Tatu, usitenganishe diski na kadi yake, kebo zake na hata vile vizibo vya mwisho wa kebo za SCSI. Weka vyote boksi moja, pakavu, mbali na sumaku na mikono ya watoto.

Nne, nakili kabla ya kutengeneza. Fundi anayejua kazi hachezi na diski asili. Huipachika kwenye kompyuta nyingine, moja moja, na kuinakili yote ilivyo, sekta kwa sekta, hadi kwenye diski mpya kubwa. Programu inayopendwa kwa kazi hii ni GNU ddrescue, ambayo ni ya bure. Busara yake ni kwamba huchukua kwanza sehemu nzima zinazosomeka bila shida, huruka palipo pabovu, halafu hurudi baadaye kupajaribu taratibu. Huandika pia ramani ya ilipofika, ili umeme ukikatika, na kwetu hukatika, iendelee pale ilipoachia. Kwa diski kongwe zaidi, za miaka ya themanini, ambazo kompyuta ya leo haina hata pa kuzichomeka, kuna kifaa kilichobuniwa na David Gesswein wa Marekani kinachosoma mapigo ya sumaku moja kwa moja na kuyatafsiri baadaye.

Tano, jenga safu kutokana na nakala, si kutokana na diski zenyewe. Mfumo wa Linux unaweza kuzichukua faili hizo za nakala na kuziunganisha kana kwamba ni diski halisi, ukajaribu mpangilio huu na ule bila hatari yoyote. Linux hiyohiyo husoma miundo mingi ya zamani: ya Windows NT, ya Sun, na ya Silicon Graphics. Ukikosea mpangilio, unafuta na kuanza tena. Asili iko salama kwenye boksi.

Sita, kompyuta ikikuuliza kama uifomati diski, au uianzishe upya, au uijenge upya, jibu ni hapana. Kadi nyingi zina neno la "kujenga upya", nalo ni tamu masikioni. Lakini kujenga upya kwa mpangilio usio sahihi ni kuandika upuuzi juu ya data nzima.

Saba, ukimaliza, fungua faili uzikague. Orodha ya majina ya faili ikionekana haina maana kuwa yaliyomo ni mazima. Fungua faili kubwa, picha kwa mfano. Ikiwa mpangilio una kasoro, picha itaanza vizuri kisha itakatika katikati na kuwa michirizi.

Na fundi akikwambia diski inagonga kama kisigino cha kiatu, zima. Hiyo inahitaji mtaalamu mwenye chumba kisicho na vumbi. Kuifungua mezani chini ya feni ni kuizika.

Safu si nakala ya akiba

Wengi waliponunua seva hizi waliambiwa kuwa diski ni tano, kwa hiyo data haiwezi kupotea. Maneno hayo yamewaponza watu kote duniani. Safu ya diski hukinga dhidi ya jambo moja tu, kifo cha diski moja. Haikingi dhidi ya mwizi, moto, mafuriko, wala kidole kilichofuta faili. Ukifuta, safu hufuta kwa uaminifu kwenye diski zote.

Mwaka 1998 kampuni ya filamu ya Pixar ilipokuwa ikitengeneza Toy Story 2, mtu alitoa amri iliyofuta sehemu kubwa ya filamu kwenye mashine zao, na walipogeukia nakala za akiba wakakuta hazifanyi kazi sawasawa. Kilichowaokoa ni kwamba msimamizi wa kiufundi, Galyn Susman, alikuwa na nakala nyumbani, kwa kuwa alikuwa akifanyia kazi huko akiwa na mtoto mchanga. Kampuni yenye mashine zote zile iliokolewa na kompyuta moja iliyokuwa nyumba nyingine.

Nasi tunayo mifano yetu. Hati za kale za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Ni kazi njema. Lakini tuone tofauti: hati ya karatasi, hata ikiwa na miaka zaidi ya mia, aliyesoma huifungua akaisoma kwa macho yake. Picha iliyo kwenye diski ya miaka ishirini na tano inahitaji kadi, kebo, programu na mpangilio ndipo isomeke. Kila tunapohamisha kumbukumbu zetu kutoka karatasi kwenda kwenye mashine tunabeba pia wajibu wa kuzihamisha tena, mashine kwenda mashine, na kuandika jinsi zilivyopangwa.

Kuna upande mwengine wa amana hii. Seva inayouzwa kwa kilo haibebi chuma tu. Inabeba namba za vitambulisho, maradhi ya wagonjwa na mishahara ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa aliyekusanya habari za watu jukumu la kuzilinda, na jukumu hilo haliishi mashine inapozimika. Ukishaokoa kilicho chako, diski zifutwe kikamilifu au zivunjwe sahani zake kabla ya kufika kwenye mizani ya vyuma chakavu.

Kwa wale ambao seva yao bado inafanya kazi, fanyeni jambo moja wiki hii, inshallah. Chukueni karatasi na kalamu. Andikeni aina ya kadi ya RAID, idadi ya diski, ipi iko droo gani, aina ya mpangilio, ukubwa wa kipande, mfumo unaotumika, na tarehe. Mwiteni fundi aliyeifunga awape hayo angali anakumbuka. Nakala moja ibandikwe ndani ya kifuniko cha seva, ya pili ikae kwenye faili la katibu, na ya tatu ikae nyumba nyingine kabisa. Na taa ya njano ikiwaka, msingoje ya pili.